Mfuko wa Mkate Mlangoni

Hebu niambie wewe, ukifikia nyumba ya kulala siku mbili tu, utatundika mfuko wa mkate mlangoni? Hutautundika. Lakini Zulmira aliutundika, ile Ijumaa jioni, kwa mazoea. Ulikuwa mfuko wa kitambaa wenye pindo la kufumwa, aliotoka nao kwao Guimarães akiwa ametia ndani yake viatu vya kutembelea. Akatoa viatu, akaukung'uta, akauning'iniza kwenye kitasa upande wa nje, kama afanyavyo kila jioni tangu aolewe, ili mwokaji akipita alfajiri autie mikate.

"We Zulmira, huyo mwokaji atatoka wapi?" Perpétua akamuuliza. "Ngazi nzima hii ni wageni na masanduku yao."

"Asipokuja, mfuko hautalia."

Idalina alikuwa dirishani. Hakucheka.

Hawa watatu walishona viatu kiwanda kimoja kwa miaka mingi, na kila mwaka, Novemba, hutoka pamoja kwenda kutembea mji wa kale. Safari hii ilikuwa Porto. Nyumba aliichagua Zulmira kwenye simu, akalipenda dirisha linalotazama mto. Hakujua kwamba ndiyo nyumba aliyozaliwa Idalina. Idalina mwenyewe alishuku walipoingia mtaani, akajua hakika walipokuwa wakipanda ngazi, kiganja chake kilipopita kwenye ufa wa ukuta alioupapasa utoto wake wote.

Hakuwaambia wenzake, kwa sababu ya mama yake. Dona Ermelinda aliishi hapo tangu alipoolewa, mpaka mwenye nyumba alipotaka kuweka wageni wa siku mbili mbili. Macho ya mama yalikuwa mabovu, kwa hiyo karatasi ya kuhama aliitia sahihi Idalina. Akamwambia, "Wanatengeneza paa tu, mama. Wakimaliza utarudi." Bibi wa watu akapelekwa kwa Abílio, mwanawe wa kiume, ghorofa ya juu huko nje ya mji, ambako hakuna wa kumwita dirishani. Kila Jumapili huuliza kwa simu paa limefika wapi. Idalina humjibu kwamba bado.

Asubuhi mfuko ulikuwa umejaa mikate, ya moto bado. Mwokaji wa mtaa ule, waliambiwa pale chini, alikuwa ameshafariki, na duka lake sasa linauza samaki wa makopo yenye picha. Zulmira akapasua mkate mmoja, akaupaka siagi.

"Chumvi imepungua kidogo," akasema.

"Marehemu ataonjaje chumvi?" Perpétua akajibu, akachukua wa pili.

Idalina aliinuka akaenda mlangoni. Kwa watu wa huku, mfuko mlangoni maana yake ni moja: nyumba ina mwenyewe, naye yumo; magharibi ikiingia, wa zamani hurudi. Akauvua haraka akaukunja, lakini habari ilikuwa imeshafika ilikofika.

Wakatembea mji. Wakapanda mpaka kanisa kuu, wakavuka daraja la chuma, wakala utumbo na maharage mahali penye vitambaa vya karatasi mezani. Mvua ilikuwa ya rasharasha. Kila Zulmira alipotaka kurudi apumzishe magoti, Idalina alipata kitu kingine cha kuonyesha, huku akiliangalia jua lisilojificha vizuri wala kutoka vizuri.

"Shoga, kanisa la ngapi hili? Wataka nitangazwe mtakatifu?"

"Liko moja bado, lina vigae vya buluu."

"Vigae ninavyo bafuni kwangu. Mimi narudi."

Magharibi ilipoingia walikuta majirani wa zamani wamekaa kwenye ngazi za mtaa. Wengine walikuwa wamekufa. Wengine wako hai, wamesinzia mbele ya televisheni huko walikohamishiwa. Wanaume wawili walicheza karata. Mwanamke mmoja alianika shuka mvuani. Wageni walipita wakiburuta masanduku, na magurudumu yakapita katikati ya miguu ya majirani bila kuumiza mtu.

"Ni ninyi mliotundika mfuko?" mmoja akauliza.

"Ni sisi, baba," Perpétua akasema.

"Mungu awabariki."

Mlango walikuta wazi. Pale jiko lilipokuwa zamani, sasa pana bafu la vioo, na ndani ya vioo alisimama Dona Ermelinda, amevaa aproni, anakatakata majani ya supu membamba kama nyuzi, chungu kikiwa motoni.

"Shikamoo, mama," alisema Perpétua. Alikuwa ameshachukua taulo, akaketi nalo mapajani kungoja zamu yake.

"Marahaba. Viazi bado havijaiva."

Idalina akatoka nje, akampigia Abílio. Alikosea namba mara mbili.

"Mama yuko wapi?"

"Si huyu hapa kitini, amelala. Ila ndara zake zimelowa chapachapa. Sielewi, hajatoka."

"Usimwamshe," Idalina akasema.

Aliporudi ndani, mama alikuwa ameinua uso. Alikuwa akilitazama paa, mbao zake mpya na taa ndogo zilizochimbiwa. Saa hiyo ya magharibi macho yake yalikuwa mazuri.

"Mafundi, mama..." Idalina akaanza. "Mafundi wamechelewa..."

"Paa zuri."

"Ndiyo, mama."

"La zamani lilikuwa halivuji, Idalina. Hata siku moja."

Zulmira alimtazama mwenzake, kisha akamtazama bibi. "Ina maana hapa ni kwenu? Na wewe siku nzima wanizungusha makanisani?" Simu yake ikalia. Akasoma, akaona haya kusema, lakini akasema. "Wanatukumbusha kesho saa nne tuwe tumetoka. Kuna wageni wengine."

"Basi mtoke," alisema Dona Ermelinda. Akapangusa kisu kwenye aproni.

"Ulikuwa unajua, mama," Idalina akasema.

"Gari lilikuwa limeshafika chini. Kitanda ulikuwa umeshakifungua, na vyuma vyake umevifunga kamba. Ningesema nini?"

"Ungesema, mama. Hata sasa sema."

Mama akaweka majani chunguni, akafunika, akapunguza moto.

"Haya. Mimi sikutaka kuhama."