Wiki Moja ya Kulala Tu

Miaka thelathini mama huyu alitandika vitanda vya hoteli asivyowahi kuvilalia. Alipostaafu, mgongo umeshapinda, binti yake alimkodishia kijumba cha ufukweni kwa wiki nzima. "Mama, huko usiguse kitu. Kazi yako kulala tu na kutazama bahari."

Lakini mazoea yana taabu. Asubuhi ya kwanza, jogoo hajawika, mikono yake ilishatoa shuka kitandani, ikadeki, ikafuta vioo, ikabeba mkoba wake wenye nguo zote na kuacha ufunguo mezani, kama kila alipomaliza zamu hotelini. Kisha akaenda kukaa mchangani, akajilazimisha kupumzika mpaka saa sita.

Mlinzi wa kijumba aliona godoro tupu na ufunguo, akadhani mgeni kaondoka, akampa kijumba mgeni mwingine.

Mama aliporudi alimkuta mwanamume barazani, kanyoosha miguu. Akafungua mdomo aseme hapa ni kwangu. Yule bwana akamtangulia: "Mama, humu hamna taulo."

"Naleta sasa hivi, bosi."

Machozi yalimtoka njiani kwenda stoo ya mlinzi. Taulo alizipeleka hata hivyo, mbili, zimekunjwa vizuri.