Uso wa Baba Golnar

Asubuhi baada ya sehemu ya kwanza ya tamthilia kuonyeshwa, Hojjat aliketi kwenye zulia kunywa chai, na uso wake haukuonekana. Mahali pake palikuwa na nuru, ileile aliyowekewa kwenye televisheni. Mkewe, Mahbanu, alimsogezea mkate na jibini, kisha akafunga pazia la chumba cha mtoto, maana Golnar alikuwa bado amelala.

"Ungewaambia wakuondolee kabla hujarudi," alisema.

"Nilirudi na uso wangu, mama Golnar. Jana si uliniona?"

"Basi leo kaa ndani. Utamwamsha mtoto."

Hojjat, fundi rangi wa mji wa Kashan, alikuwa ameigiza mtukufu wa dini aliyeuawa zamani. Kwa desturi yetu, uso wa mtukufu hauonyeshwi. Mtu anaigiza, anaumia, analia, halafu mafundi wa picha wanamfunika kwa nuru na jina lake halitajwi mwishoni. Walimchagua kwa macho yake ya upole, ili waigizaji wenzake wapate mtu wa kumlilia. Aliyemuua kwenye tamthilia alikuwa Bizhan, kaka yake Mahbanu, ambaye uso wake ulionekana nchi nzima. Wanawake sokoni walimtupia maganda ya komamanga, ila angalau walimwita Bizhan.

Hojjat hakutupiwa kitu. Watu walimletea watoto wenye homa, wakafunga vitambaa vya kijani vya nadhiri langoni, wakapanga chupa za marashi ya waridi ukutani ili nuru iziangazie, zipate baraka.

"Mama, mimi ni fundi rangi tu," alimwambia mmoja.

"Tunajua, bwana wangu," alijibu yule mama, akambusu kiatu.

Wengine walipona na wengine hawakupona, kama kwa daktari wa mtaani. Picha za Hojjat nazo zilishika nuru, hata ile ya harusi.

Sehemu ya mwisho ilipokwisha kuonyeshwa na nuru bado ipo, alikwenda Tehran, kwenye ofisi ya tamthilia. Mkubwa wa pale alimkaribisha chai huku amejikinga macho kwa kiganja.

"Nuru itazimika tamthilia ikiisha," alisema.

"Lakini imeisha! Nimeshauawa, nimeshazikwa."

"Kila mwezi wa Muharram tutairudia. Watu wanaipenda."

"Na binti yangu je? Anakua bila kuujua uso wangu."

"Ndugu yangu, wenzako wanaomba nuru maisha yao yote."

Mimi nikisimulia hapa hunipanda hasira, lakini Hojjat alimshukuru kwa chai na kupanda basi la kurudi. Abiria wote walilala wakiwa wamejifunika vichwa.

Golnar alipoanza shule, mwalimu aliwaambia wachore baba zao. Alirudi na picha ya mtu mwenye nyusi nene na kovu shavuni.

"Huyu si mjomba Bizhan?" Hojjat aliuliza.

"Ndiye. Uso wako siujui, baba."

Bizhan, aliyekuwa pale akimenya tango, aliacha kutafuna. "Shemeji, tubadilishane," alisema. "Wallahi, maganda yamenichosha."

Hojjat alikwenda kukaa kwenye kizingiti cha ua. Golnar alimfuata, akapanda magotini pake, akafumba macho kwa sababu ya mwanga, akaanza kumpapasa. Alipita kwenye paji la uso bila haraka, akashuka.

"Pua yako imepinda."

"Nilianguka ngazini nikipaka rangi."

"Hapa pana shimo."

"Hilo la kidevu. Na wewe unalo."

Alijigusa kidevu, akalikuta, akarudi kwa baba yake. Alipofika mashavuni vidole vililowa.

"Usisogee, baba. Sijamaliza."

Langoni walikuwa wamefika wanawake. "Bwana yupo?" walipaza sauti.

"Hayupo!" Mahbanu alijibu kutoka jikoni.

Lakini nuru ilikuwa imepanda ukutani, na ilikuwa ikitetemeka. Wanawake waliiona ikitetemeka, wakasema leo baraka ni kubwa, wakasogeza chupa zao karibu zaidi.