Kumi ya Mama Mkwe

Tangu aolewe, mwalimu hakuwahi kupika mchuzi ukalika. Wali wake ulichambuka vizuri, mboga zake hazikuwa na neno, lakini mchuzi ulikuwa chumvi tupu! Mumewe alikunywa maji kimya kimya, wifi zake wakakonyezana, na yeye, aliyefundwa jikoni na mama yake mzazi, akaanza kuushuku mkono wake. Alipima chumvi kwa kijiko, akaonja, akafunika. Mchuzi ukifika mezani, haumezeki.

Na kana kwamba aibu ya nyumbani haikutosha, mama mkwe alijiandikisha kwenye darasa lake la Kiingereza la watu wazima. Akakaa mbele kabisa, mkoba mapajani, penseli imechongwa pande zote mbili.

Wiki hiyo walikuwa wakijifunza kuanza sentensi ya Kiingereza kwa lini, wapi na vipi, mtenda akisubiri nyuma.

"Msikilizaji akae roho juu," mwalimu aliwaeleza. "Kila siku mtenda mbele, mtenda mbele, mnachosha!"

Kazi ilikuwa sentensi moja tu, yenye vyote vitatu, na iwe ya kweli. Za uongo hapokei. Tena darasa lilikuwa na sheria aliyoitunga mwenyewe: anayesoma hakatizwi mpaka nukta. Atakayemkatiza atafagia.

Fundi cherehani akaanza. Jana asubuhi, dukani, kwa pupa, aliikata suruali ya mteja ikawa kaptura. Watu wakacheka. Alama nane.

"Kama huyo kapata nane, mimi nataka kumi, Mwalimu," akasema mama mkwe, akasimama.

Mwalimu akajua yamemfika. Kinachokuja ni mchuzi, na kesho mtaa mzima utakuwa na habari.

"Kila jioni," mama mkwe akasoma kwa Kiingereza, pole pole, "jikoni kwangu..."

Akatua, akanywa maji. Hakuwa na kiu hata kidogo. Alikuwa amelielewa somo.

"...mke wa mwanangu akienda kuoga..."

Fundi akasogeza kiti mbele.

"...taratibu, na kwa makusudi kabisa..."

Mwalimu alitamani kumnyamazisha, lakini sheria ni yake. Akauma mdomo.

"...mimi huongeza vijiko viwili vya chumvi kwenye mchuzi wake. Nukta."

Darasa likalipuka kwa makofi. Mwalimu akaishika meza. Hasira ilimpanda, ndiyo, lakini furaha iliipita njiani. Mkono wake ulikuwa mzima! Miezi saba alikuwa akiusingizia bure.

"Ni kweli, Mama?"

"Si umesema za uongo hupokei?" Mama mkwe hakupepesa jicho. "Na pale nyumbani Kiingereza tunakijua mimi na wewe tu. Utamwambia nani akuamini?"

Mwalimu akamwandikia kumi, kubwa, nyekundu, akaizungushia duara. Chini yake akaandika kazi ya ziada, akaisoma darasa zima likisikia: leo jioni, mezani, mbele ya mwanao na binti zako, uitafsiri sentensi hii kwa Kiswahili.

"Na nisipofanya?"

"Kumi inageuka sifuri, Mama."

Mama mkwe akaitazama kumi yake. Akamtazama fundi, aliyekuwa anachekelea na nane yake. Akaketi, akafungua ukurasa mpya.

"Haya, Mwalimu. Na hiyo tafsiri ina alama ngapi?"