Kahawa ya Mwaka wa Thelathini na Nne

Barua ilipomfikia mzee Eemeli Kortesmäki, aliipeleka moja kwa moja kwa Hilja, mjane wa rafiki yake. Miaka arobaini na miwili ya kukata miti Minnesota, Marekani, ilikuwa imempa Kiingereza cha misumeno na matusi tu. Hilja alimimina kahawa kwanza, kisha akavaa miwani.

"Wanasemaje, shemeji?"

"Wanataka kukurudisha Ufini."

"Nikafanye nini huko? Hata ng'ombe niliowajua wamekufa."

Hilja hakucheka. Majira hayo ya baridi wakomunisti walikuwa wakifukuliwa kama viazi, na sheria ilisema mgeni yeyote aliyewahi kuhimiza serikali ipinduliwe afukuzwe nchini. Eemeli hakuwahi kuomba uraia. Ndani ya barua mlikuwa na picha ya ukurasa mmoja wa daftari la mikutano la ukumbi wa wafanyakazi, mwaka 1934. Mstari mmoja ulipigiwa wino mwekundu: hallitus iangushwe, na pembeni tafsiri ya Kiingereza: serikali ipinduliwe. Chini yake, sahihi ya mwenyekiti, Eemeli.

Lakini mwandiko ulikuwa wa Hilja. Yeye ndiye aliyekuwa karani.

Akaukumbuka mkutano ule vizuri. Halmashauri ya duka la ushirika ilikuwa imenunua kahawa iliyochanganywa na mizizi ya kuchoma, na watu walifika wakiwa wamenuna kana kwamba wamefiwa. Sasa kwa Kifini, halmashauri ya duka ni hallitus, na serikali ya nchi nayo ni hallitus. Aliyetafsiri kule mjini alikuwa na kamusi. Kahawa ile hakuinywa.

"Nitakwenda kuwaeleza," akasema.

"Huendi." Eemeli aliweka kikombe chini. "Wewe unapika shuleni. Si ulitia sahihi ile karatasi yao?"

Aliitia. Karatasi ilisema hajawahi kukaa kikao kimoja na wakomunisti, na ukumbini walikuwa wamejaa, ingawa wengi walifuata dansi.

"Mimi ni mti mkavu, shemeji," Eemeli akasema. "Mti mkavu hauliliwi."

Shauri lilisikilizwa asubuhi ya Alhamisi, katika chumba kilicho juu ya posta. Afisa alikuwa kijana mwenye mafua. Alipomwona Hilja anatetemeka pale nyuma, alisogeza kiti karibu na jiko la kuni, akamwashiria akae. Mkalimani alikuwa bwana Nisula, mtu wa kanisa, ambaye kwa miaka ishirini hakuwa amemwamkia mtu yeyote wa ukumbini.

"Nani aliandika maneno haya?" afisa akauliza.

"Sikumbuki," Eemeli akajibu.

"Alikuwa mwanamume au mwanamke?"

"Palikuwa na moshi mwingi."

Hilja akasimama. Kiingereza chake chote kilikimbia, akasema kwa Kifini. "Ni mimi. Tulikuwa tunasema habari za duka." Akaeleza kahawa, mizizi na halmashauri, na Nisula akatafsiri neno kwa neno, uso mkavu.

Afisa akapenga kamasi. "Neno moja liwe serikali na liwe duka? Bwana Nisula, inawezekana?"

Nisula alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu. Eemeli alitazama sakafu.

"Ni kweli," Nisula akasema hatimaye. "Hata kanisani kwetu tunayo hallitus. Mwaka juzi tuliiangusha, kwa ajili ya paa linalovuja."

Afisa hakucheka. Alifungua ukurasa mpya. "Nani wengine walikuwepo, mama?"

Hilja alijua swali hilo litakuja. Hakulala vizuri kwa ajili yake. Akataja watu kumi na mmoja, taratibu, na afisa akaandika yote. Aukusti Pelto. Saima Pelto. Kaarlo Viitanen, mume wake mwenyewe. Alipofika jina la saba, Nisula alisita, akamtazama, kisha akaendelea.

"Wanaishi wapi?"

"Makaburini, bwana, njia ya ziwani."

Kalamu ikasimama. "Wote? Na walio hai?"

"Nimezeeka. Ninaowakumbuka ni wale walioniaga."

Afisa alimwangalia sana. Mwishowe akamsogezea glasi yake ya maji, ambayo hakuwa ameigusa, akasema shauri limeahirishwa. Jalada halitafungwa. Mzee arudi nyumbani na aripoti kila mwezi.

Kwenye ngazi Nisula aliwapita bila neno. Alipofika chini alirudi hatua mbili, akamshikia Hilja mkono mpaka kwenye theluji.

Jumatatu mwalimu mkuu alimngojea mlangoni mwa jiko la shule.

"Ulitia sahihi uongo, Hilja."

"Ndiyo, mama."

Mwalimu mkuu akampa aproni yake, hakuweza kumtazama usoni. Nyumbani Hilja aliikunjua, akaona imepigwa pasi, hadi kamba zake.

Jioni Eemeli alivuta kuni kwa sleji, gari la kuteleza thelujini, zimepasuliwa nyembamba kwa ajili ya mikono ya mama mzee. Akazipanga zote kabla ya kuingia. Akakaa, akaweka kipande cha sukari kati ya meno, akanywa kahawa kwenye kisahani.

"Ungenyamaza ningekuwa wapi sasa," akasema, "nawe ungekuwa na kazi."

"Kunywa, shemeji."

Akanywa. "Hii kahawa imekuwa nyepesi."

"Ndiyo iliyopo."

"Basi tuiangushe hallitus."

Hilja alitaka kucheka. Lakini kwanza aligeuka akatazama dirishani, kama nje hapana mtu.