Fomu ya Msomaji wa Kawaida

Mama Stoo alikuwa juu ya ngazi akihesabu maboksi ya sindano, mdogo wake alipoingia bila hata kubisha hodi. Hospitali nzima ilimwita Mama Stoo, maana hakuna bandeji iliyotoka kwenye ghala lile bila yeye kujua inakwenda wodi gani. Mdogo wake naye alikuwa akiitwa Profesa tangu darasa la tatu, kwa sababu ya maswali yasiyoisha. Miaka zaidi ya thelathini ilikuwa imepita na bado alikuwa Profesa wa jina tu.

"Shikamoo, dada. Nina haraka."

"Marahaba. Ungekuwa na haraka ungekuja asubuhi. Mia na arobaini na mbili, arobaini na tatu... nyamaza kwanza."

Profesa akanyamaza, akawa anatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa nane na dakika ishirini. Dada yake alipoteremka, alimsukumia karatasi tatu juu ya meza.

"Tia saini hapa chini. Basi, nimeondoka."

"Ya nini?"

Profesa akaeleza, huku mguu mmoja ukiwa tayari umeelekea mlangoni. Kwa miaka minane alikuwa akisomea shahada ya uzamivu ya falsafa. Masomo ya darasani alikuwa ameyamaliza, mtihani mkuu ameufaulu, pendekezo la utafiti amelitetea mbele ya jopo lililomtoa jasho, na makala mbili zimechapishwa. Tasnifu yenyewe, kurasa mia tatu na sita, ilikuwa imeshafika ofisini. Kilichobaki ni fomu moja: mtu asiyefundisha chuo, na ambaye hajawahi kusomea falsafa, asome muhtasari wa kurasa mbili na athibitishe kwa saini yake kwamba ameuelewa. Mwenye nyumba wake ndiye aliyepaswa kuisaini, lakini jana alisafiri.

"Mwisho lini?"

"Leo saa kumi. Muda wa ziada nilishapewa mara mbili. Isipofika leo wananifuta, naanza upya."

"Na wewe ukaiacha mpaka leo."

"Niliona ni jambo dogo, dada."

Mama Stoo akavuta kiti, akavaa miwani.

"Unafanya nini?"

"Nasoma. Si imeandikwa nisome?"

"Dada, hakuna anayesoma! Kuna mwenzangu fomu yake ilisainiwa na kinyozi huku anamnyoa."

"Mimi si kinyozi."

Hakuwa akimkomoa. Mwaka wake wa kwanza kazini, Mama Stoo alitia saini kupokea maboksi kumi ya glovu za upasuaji bila kuyafungua. Zikatoka glovu za mkono wa kushoto tupu. Daktari wa upasuaji alimuuliza mbele ya wauguzi wote kama anataka wagonjwa washonwe kwa mkono mmoja. Kuanzia siku ile hakuna karatasi iliyopata saini yake kabla ya boksi kufunguliwa, awe ameileta mkurugenzi au mtoto aliyezaliwa tumbo moja naye.

Alisoma ukurasa wa kwanza akifuata mistari kwa kidole. Akarudia. Kisha akausoma mstari mmoja kwa sauti: "'Tasnifu hii inahoji uhalali wa kimaadili wa msamaha wa upande mmoja pale ambapo utambuzi wa kosa haujajidhihirisha.' Nani kamkosea nani hapa?"

"Hakuna mtu, dada. Ni hoja."

"Basi sijaelewa. Sisaini."

"Dada!"

"Usiniite dada kama king'ora cha gari la wagonjwa. Kaa. Nieleze kama unavyomweleza mtu mwenye kazi zake."

Profesa akakaa juu ya boksi la pamba. Alikuwa amekonda, mwenyewe hajui. Kola ya shati ilimzunguka shingoni kama imeazimwa. Mama Stoo akaona, akajizuia kusema.

"Mtu amekukosea," akaanza Profesa polepole. "Hajakuomba radhi. Wewe ukasema, nimemsamehe. Swali langu ni kama kweli umemsamehe. Mimi nasema hapana. Umechoka kubeba kinyongo, ukakitua. Ni jema, lakini si msamaha. Msamaha unataka watu wawili, anayetoa na anayepokea."

"Kama dawa niliyoitoa stoo na haikufika wodini."

"Eeh! Ndivyo hivyo!"

"Mbona hukuandika hivyo? Nipe mfano."

"Tuseme jirani amekanyaga maua yako..."

"Sina maua. Mfano wa kweli."

Profesa akatazama tena saa. Mashine ya kupozea dawa ilikuwa ikinguruma pembeni. Mama Stoo akavua miwani, akaiweka juu ya fomu.

"Nikupe mimi. Baba alipofariki, ulikuwa na mtihani mkuu asubuhi yake."

Profesa akainamisha kichwa. Mtihani ule ulifanyika mara moja tu kwa mwaka, siku mbili mfululizo, na asiyeufanya alingoja mwaka mwingine. Aliufanya. Kwenye mazishi dada yake ndiye aliyetafuta gari, aliyesimama kaburini, na kila aliyeuliza "Profesa yuko wapi?" alimjibu kwamba yuko njiani. Jioni ilipofika alikuwa amesema uongo huo mara nyingi mpaka mwenyewe akawa anatazama barabara. Mwaka wa sita sasa, na wawili hawa walikuwa wamezungumza kila kitu isipokuwa hilo.

"Sikujua nikuanzie wapi," Profesa akasema.

"Najua. Ndiyo maana nilikusamehe. Sikukungoja. Niliamka siku moja napika chai, nikaona yamekwisha. Sasa unakuja hapa na kurasa mia tatu kuniambia sikukusamehe, nilijichokea tu?"

"Dada, nisamehe. Kweli kabisa. Nisamehe."

"Ukiomba sasa hivi unanivurugia mfano." Lakini alilazimika kupangusa miwani ambayo haikuwa na vumbi. "Sikiliza. Kitandani kwa mgonjwa aliyezimia dawa inafika na inafanya kazi, na yeye hajui nani kaileta. Hujaliandika hilo humu."

Profesa akainua kichwa. "Hilo sijaliwaza," akasema. "Msimamizi wangu naye hajaliwaza."

"Mna kazi. Haya, nyanyuka, kompyuta ile pale. Andika ulivyoniambia mimi, na jirani na maua yake asionekane."

Aliandika kwa dakika ishirini, dada yake amesimama nyuma yake kama msimamizi wa mtihani. "Hapo umeanza kunata tena," alimwambia mara mbili, na mara zote mbili Profesa alifuta. Kurasa zilipotoka kwenye printa, Mama Stoo alizisoma mwanzo mpaka mwisho kwa mkupuo mmoja. Akatia saini. Kisha kwenye nafasi ya maoni akaandika kwa herufi kubwa: NIMESOMA NA NIMEELEWA YOTE. SIKUBALIANI NA MWANDISHI.

"Dada! Watakataa!"

"Wameuliza kama nimeelewa, hawakuuliza kama nimekubali. Ni saa tisa na dakika tano. Kimbia."

Alikimbia. Mama Stoo akarudi kwenye ngazi, akahesabu maboksi yaleyale mara tatu na kila mara akapata idadi tofauti, jambo ambalo halikuwahi kumtokea. Saa kumi kasoro dakika sita simu ikaita.

"Wamepokea," Profesa alisema akihema. "Karani kasoma maoni yako, akacheka. Akasema hii ndiyo ya kwanza anayoiona ambayo mtu kaisoma kweli. Amegonga muhuri."

Mama Stoo akakaa kwenye kipandio cha ngazi. Alitaka kusema mengi, lakini muuguzi wa wodi ya watoto alikuwa dirishani akingoja dripu.

"Jopo wakikuuliza lile la mgonjwa aliyezimia, utawajibu nini?"

"Sijui bado, dada."

"Njoo Jumapili tulibishanie. Na uje na njaa, umekonda mno."