Kona Inayovuja

Watu wa Mlali walijua mambo mawili juu yangu na Mazengo: kwamba tulipelekana mahakamani, na kwamba hatukupatana tena. La kwanza ni kweli.

Ugomvi wenyewe ulikuwa wa mbuzi. Nilikuwa na mbuzi wangu wa maziwa, niliyemnunua kwa karanga zangu mwenyewe, na mume wangu akamuuza nilipokwenda Mpwapwa kumuuguza dada. Niliporudi nikakuta baiskeli. Akaniambia ni ya wote wawili. Nikaizunguka, haina keria ya kubebea mtu nyuma. Nikamuuliza, "Na mimi nitakaa wapi, kwenye kengele?" Akacheka. Angeniomba radhi siku ile ningemsamehe kabla ugali haujaiva, lakini alicheka, na mimi hasira zangu ziko karibu. Nikafunga kanga kiunoni, nikaenda mahakamani.

Hakimu alijaribu kutupatanisha, akachoka. Akaamuru tutengane, na Mazengo anitunze kwa chakula na mahali pa kulala. Mazengo akasimama mbele ya watu wote. "Mheshimiwa," akasema, "atakula na atalala pakavu. Lakini kwangu harudi mpaka aniombe radhi." Nikajibu kwamba nitaomba radhi siku mbuzi wangu atakaporudi. Tukatoka, kila mtu na njia yake.

Amri ile aliishika kama katekista anavyoishika Jumapili. Alinijengea tembe la vyumba viwili pembeni mwa shamba lake, paa la fito na udongo kama yale waliyojenga wazee wetu. Kila mavuno alileta uwele. Na kabla ya mvua alikuja na ngazi na ndoo kulikandika paa upya.

"Nimekuja kutii amri," alisema mlangoni, kwa sauti ya kuwafikia majirani.

"Tii upesi uondoke," nilijibu kwa sauti hiyohiyo.

Hakuondoka upesi. Mwaka wa kwanza alimaliza jua likizama, nikampa ugali na mlenda, maana hata fundi wa kuajiriwa hula. Akausifu mlenda wangu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tulipokaa pamoja. Usiku ule alilala chumba cha nje. Mwaka uliofuata hakulala chumba cha nje.

Sasa niseme jambo ambalo kwa muda mrefu tulilijua mimi na mchi wangu tu. Paa la Mazengo halikuvuja. Alikuwa fundi hasa, udongo wake ulishika. Mimi ndiye niliyekuwa nikichukua mchi wa kinu, nasimama kwenye kigoda, naisukuma kona ya paa la chumbani kutoka chini mpaka nione mwanga. Kisha namtumia salamu: mwambieni amri yake inavuja. Anakuja ananung'unika njia nzima, anapanda, anaziba, halafu kazi ya asubuhi moja inamchukua siku tatu. Niliuponda ufundi wake mpaka majirani wakamwonea huruma.

Tungeweza kurudi kwa hakimu tukamwambia, mheshimiwa, yameisha. Lakini nani aanze? Atakayeanza ndiye aliyeomba radhi. Basi tukazeeka hivyo, yeye kwake na mimi kwangu, na mchi katikati.

Mwaka huu aliugua wakati wa mavuno. Wakampeleka hospitali Dodoma, nami nikamfuata na chupa ya uji. Ndugu zake walikuwa wamejaa kando ya kitanda, wakanipisha kwa shingo upande. Alikuwa amekonda, lakini macho yalikuwa yaleyale ya siku ya baiskeli.

"Kona vipi?" akaniuliza.

"Kavu. Kiangazi hiki, ivuje nini?"

"Mvua zitakuja," akasema, akanishika vidole.

Hatukusema zaidi, watu walikuwepo. Siku ya tatu tukamsafirisha kwenda kumzika Mlali.

Baada ya arobaini akaja Geofrey, mdogo wake Mazengo. Ukoo ulikuwa umempendekeza awe msimamizi wa mirathi. Geofrey si mtu mbaya, ila anapenda mambo yaliyonyooka. Mimi na Mazengo hatukuwa na mtoto aliyeishi, kwa hiyo kila kitu kilikuwa kinakwenda kwa ndugu.

"Shemeji, usiwe na wasiwasi," akaniambia. "Matunzo yako yataendelea. Uwele utapata, tembe utakaa mpaka mwisho wako. Tutakuandika kama tegemezi wa marehemu. Jumamosi kwenye kikao utaweka sahihi tu."

Nilimshukuru, tena kwa moyo. Lakini neno tegemezi lilinikera. Siku iliyofuata nilipanda basi kwenda Dodoma na debe langu la karanga. Nilipoliuza soko la Majengo nikauliza njia mpaka ofisi moja ya msaada wa sheria. Nikamkuta binti anaitwa Lea, mdogo kiasi cha kuwa mjukuu wangu. Alinishikamoo, akanivutia kiti, akanisikiliza bila kutazama simu.

"Mama, mlipewa talaka?"

"Kutengana. Hakimu alisema kutengana."

"Basi kwa sheria wewe bado ni mke wake. Sasa nisikilize vizuri. Yale matunzo yalikuwa juu ya Mzee Mazengo mwenyewe. Amefariki, amri nayo imekwisha. Anachokupa shemeji yako ni hisani. Leo anakupenda anakupa, kesho akibadilika, au akifa, wanawe hawana deni kwako. Ila mjane ana fungu lake katika mirathi. Tegemezi anaomba, mama. Mjane anadai."

"Siwezi kuwa vyote?"

Akacheka kidogo. "Kila mtu anapenda vyote. Mumeo alikulisha kwa sababu wewe ni mkewe, na unarithi kwa sababu hiyohiyo. Mzizi ni mmoja. Ukisaini kama tegemezi, umekubali kwamba mliachana, na unaukata kwa mkono wako mwenyewe. Na mahakama itawauliza ndugu mliishije. Yupo anayeweza kusema mliishi kama mke na mume?"

Tulikuwa tumejificha vizuri mno.

Njia nzima ya kurudi nilijishauri nisaini. Nina zaidi ya miaka sitini. Ugomvi wa nini tena? Uwele nitapata, paa ninalo. Nikajiambia hivyo mpaka nikashuka Mlali nimeshakubali.

Jumamosi ukoo ukakaa uani kwa Mazengo. Baba mdogo Matonya, ndiye mkubwa wao sasa, alikaa kwenye kiti chenye mgongo. Nikampa shikamoo, nikakaa na wanawake. Geofrey akasoma aliyoyaandika, shamba, ng'ombe, nyumba, mpaka akafika kwangu.

"Restuta, mtalaka wa marehemu, atatunzwa kama tegemezi."

"Rudia hapo," nikasema.

Akarudia. Nikasimama. Nilikuja nikiwa nimekubali, Mungu ni shahidi, lakini hilo neno mtalaka lilinipanda kichwani.

"Futa. Andika mjane."

Matonya akanitazama kwa upole. "Mwanangu, hatukufukuzi. Lakini nyumba mbili, mafiga kwake na mafiga kwako. Sisi tuliona mmeachana. Wewe mwenyewe ulikuwa ukimtukana mpaka huku tunasikia."

"Nilikuwa namtukana ili msikie!"

Wanawake wakaguna. Nikajua nikikaa chini sasa, nimekaa moja kwa moja. Na nikaona kitu kingine: si shamba lililokuwa linaniuma. Mazengo alikuwa mume wangu, na mtu wa pekee aliyelijua hilo pamoja nami tumemfukia. Nisiposema, itakuwa haikuwahi kutokea.

"Baba mdogo, unisamehe kwa haya nitakayoyasema mbele yako. Paa la vyumba viwili linakandikwa asubuhi moja. Mwanao alikuwa akikaa kwangu siku tatu. Mlidhani anakanda udongo siku zote hizo?"

Mtu akakohoa. Shangazi yao mmoja akajifunika kanga usoni, mabega yanatikisika.

"Na paa lenyewe mvua haikulitoboa hata siku moja. Nililitoboa mimi, kwa mchi, ili aje. Sasa mmejua."

"Haya ni ya kutunga," akasema mmoja wao kutoka nyuma. "Marehemu hayupo, atabisha nani?"

Nikamtazama Geofrey. Alikuwa ameishusha kalamu, anaangalia mikono yake kama aliyesahau kitu nyumbani.

"Si ya kutunga," akasema polepole. "Mwaka juzi nilimshikia kaka ngazi. Akaniita nipande nione. Akaniambia, tundu la mvua huanzia juu likishuka linapanuka. Hili limeanzia chini, na upana wake ni wa mchi. Mimi nikakasirika. Nikamwambia, kaka, huyu mwanamke anakuchezea, mkatie matunzo. Kaka akacheka mpaka ngazi ikayumba. Akasema, Geofrey, wewe huelewi. Ndivyo anavyoomba radhi. Lete udongo."

"Mimi sikuomba radhi!" nikapiga kelele. "Mbuzi wangu yuko wapi? Sikuomba radhi hata mara moja!" Na huku nasema hivyo machozi yananitoka, yananishuka mpaka shingoni, na shangazi yule wa kanga amenishika ananiketisha. Miaka yote ile nilidhani nimemzunguka. Kumbe alijua tangu mwanzo, akapanda ngazi, akaziba, akanyamaza, akaniachia ushindi wangu.

Matonya akasubiri nipumue. Kisha akamwambia Geofrey, "Andika mjane. Na mahakamani uyaseme hayo ya mchi kama ulivyoyasema hapa."

Aliyasema. Alisimama kizimbani na shati lake la Jumapili, akaeleza tundu la juu na tundu la chini, na karani akainamisha kichwa asionekane anacheka. Nikapata fungu langu: tembe, na kipande cha shamba kinachoanzia mlangoni pangu.

Mwisho wa Novemba mawingu yakaanza kukusanyika upande wa Kongwa. Geofrey akaja na ngazi ya kaka yake na ndoo, bila mtu kumtuma. Nikampikia mlenda. Alifanya kazi kwa makini, si kama Mazengo, lakini vizuri. Karibu na kumaliza nikasikia sauti yake huko juu kupitia kwenye kona, na mwanga mdogo ukaniangukia miguuni.

"Shemeji, hili tundu la kona nalo nilifanyeje? Niliache?"

Nilikuwa nimelitoboa nilipoona mawingu, kwa mazoea tu, na mchi ulikuwa umeegemea ukuta palepale ulipozoea. Nikauchukua, nikaurudisha kwenye kinu.

"Ziba," nikamwambia. "Ziba kabisa."