Kidonda cha Zabibu

Mgeni alipopanda mzanini na vitu vyake vyote, mshale ulikwenda hadi mia na kumi na tatu. Daktari wa farasi akakohoa kwa adabu. Alimwomba mgeni aweke chini mkoba wa kamera, kisha miguu ya chuma ya kusimamishia kamera, kisha kiti cha kukunja, koti la mvua na chupa tatu za maji. Kila kitu kilipotua, mshale ulirudi nyuma kidogo, shingo upande, mpaka ukasimama kwenye tisini.

"Safi," alisema Daktari. "Sasa Zabibu hatatulaumu."

Vilivyoshushwa mzanini havikurudishwa garini. Vilitiwa kwenye shanta la turubai, na shanta likainuliwa na watu wawili likatuliwa mgongoni mwa Sisimizi, mshika hatamu wa Zabibu. Ndivyo mambo yalivyokwenda tangu chama cha wapenda wanyama kilipoleta mzani ule. Farasi mwisho kilo tisini, na kinachozidi atakibeba anayemwongoza. Kibao kilichopigiliwa langoni kilikuwa na kanuni kumi na mbili, zote za farasi. Shanta lenyewe halikupita mzanini.

"Zamani walisema punda afe, mzigo wa bwana ufike," alisema Chiriku, aliyekuwa akikaza mkanda wa farasi wa pili. "Siku hizi punda na binamu zake wamepata wakili. Mgeni njoo, mwenyeji abebe."

Wenzake wakacheka. Chiriku alikuwa mama wa watoto wanne, mnene, na mdomo wake haukuwa na siku ya mapumziko. Ni yeye aliyempa mwenzake jina la Sisimizi, kwa umbo lake dogo na mizigo aliyokuwa akipanda nayo.

Sisimizi hakucheka. Alikuwa akivuta pumzi fupifupi kupima kama kitambaa kilikazwa sawasawa. Chini ya koti la kazi, koti kubwa la mtu wa miraba minne, alikuwa amejifunga kitambaa mizunguko mitatu. Mimba ilikuwa na miezi mitano. Mbili zilizotangulia zilitoka, moja mwezi wa tatu, nyingine wa nne, na muuguzi wa zahanati alimwambia bila kumung'unya maneno kwamba hii akiitaka, asinyanyue hata ndoo ya maji. Akiona damu, hata tone, alale chini na aletwe haraka, kwa sababu ile ya pili ingeweza kuokolewa kama angewahi. Mama mkwe, waliyekaa naye chumba kimoja, tangu siku hiyo hakumruhusu kuinama hata kuokota ufagio. "Mwanangu, hilo ni yai juu ya jiwe," alikuwa akimwambia. Bibi wa watu hakujua habari za mzani. Alidhani kazi ya mshika hatamu ni kushika hatamu.

Wa kumwambia ukweli alikuwepo. Msimamizi alikuwa hatua tano tu kutoka pale, akiwasalimia wageni. Lakini msimu uliopita mwenzao mmoja alimwambia. Msimamizi alimpongeza, akampa mkono, akamtaka akapumzike nyumbani kwa usalama wake na wa mtoto. Kabla hajafika barabarani, namba yake ilikuwa imeshabandikwa kifuani mwa mtu mwingine. Nje ya uzio walisimama watu kila asubuhi, wake kwa waume, wakingoja mmoja wa waliomo ndani augue. Mume wa Sisimizi alikuwa machimboni, na simu yake haikupatikana mwezi wa nne sasa. Msimu ulikuwa umebakiza wiki mbili. Sisimizi alijiambia atamaliza wiki mbili, kisha atalala chali mpaka mtoto azaliwe.

Basi akashika hatamu, wakapanda.

Njia ya kwenda kwenye kuta za kale ilichongwa ubavuni mwa mlima, mawe juu ya mawe, mwendo wa saa tatu kwa farasi. Zabibu alikuwa farasi jike, mweusi anayekaribia kung'aa, na jina lake lilichorwa kwenye kibati cha shaba pembeni mwa shavu. Alikuwa mnyama mtulivu. Sisimizi alimpenda kadiri mtu anavyoweza kumpenda anayekula kabla yake.

Mgeni naye hakuwa mtu mbaya. Kituo cha maji walipofika, farasi wakapewa dakika kumi za kunywa na kupumua, kama kanuni ilivyotaka. Sisimizi hakutua shanta. Akilitua nani angemwinulia? Aliliegemeza kwenye ukingo wa jiwe na kuisimamisha miguu yake kama nguzo.

"Anatoka jasho, maskini," mgeni alisema akimpapasa Zabibu shingoni. "Hatujamchosha?"

"Hapana, bwana. Amezoea."

"Na wewe, dada?"

"Nami nimezoea."

Mgeni akaridhika, akampa Zabibu kipande cha karoti alichotoka nacho hotelini.

Baada ya kituo hicho ndipo kitu kilipomvuta Sisimizi chini ya kitovu. Hakikuwa kikali. Kilimvuta mara moja, kama mtu anayejaribu kamba kabla ya kuifunga, kikaachia. Akahesabu hatua. Alipofika mia mbili kikamvuta tena. Mzigo wa mwenzako ni kanda la usufi, na mbele yake mgeni alikuwa akipiga mluzi.

Kuta za kale zilikuwa kubwa kuliko picha zake. Mawe mengine yalimzidi mtu kimo, na yalipangwa bila udongo kati yake, huwezi kupenyeza hata kisu. Wageni wanne walishuka, wakanyoosha miguu. Msimamizi, ambaye ndiye pia aliyekuwa akisimulia historia, akasimama juu ya ngazi na kuwaeleza kwamba huku juu hakuna jiwe la namna hii hata moja. Yote yalitoka bondeni. Mfalme wa enzi hizo aliyapandisha kwa migongo ya mateka, wanaume na wanawake, miaka thelathini. Aliyeanguka njiani alisukumwa pembeni ili wa nyuma wapite.

"Hata wanawake?" aliuliza mgeni.

"Hata wenye mimba, wanasema."

Mgeni alitikisa kichwa. Macho yake yalilowa kweli. "Na hakuna aliyekataa?"

"Angekataa kwa nani?"

"Ukatili gani huu," mgeni alisema polepole. "Tushukuru tumezaliwa zama hizi." Kisha akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka. "Kiti, tafadhali, dada."

Sisimizi akampa kiti. Akasimamisha ile miguu ya chuma, akapanga chupa za maji kivulini, na alipohakikisha hakuna anayemtaka tena, akazunguka nyuma ya ukuta. Huko alikuta doa. Lilikuwa dogo, la ukubwa wa kucha, na bado lilikuwa jekundu.

Alimwita Chiriku kwa mkono. Chiriku alipoelewa, hakusema neno la mzaha. Aliuliza miezi, akaambiwa. Aliuliza kwa nini hakumwambia hata yeye. Wageni walikuwa walale huko juu kwenye mahema, na farasi walitakiwa kurudi chini jioni hiyohiyo. Zahanati ilikuwa ng'ambo ya barabara, mkabala na lango, na muuguzi alifunga saa kumi na mbili. Mtu aliyelala hangefika. Anayetembea kwa miguu saa tatu, na tandiko mgongoni, angefika akiwa na nini?

Ndiyo, tandiko. Kanuni ya sita ilisema farasi akimaliza kupanda avuliwe tandiko ili mgongo upate hewa, na tandiko literemshwe na mshika hatamu.

Chiriku akamwendea Msimamizi, aliyekuwa akimenya chungwa juu ya ngazi. Sisimizi aliwasikia kutoka nyuma ya ukuta.

"Bosi, Sisimizi kateguka mguu. Naomba ashuke juu ya farasi, hata nusu ya njia."

"Farasi kashabeba leo."

"Kabeba kilo tisini. Huyu hata hamsini hafiki, na nguo zake."

"Kanuni ya saba. Akishuka hapandwi. Magoti yanaumia."

"Na ya mtu je?"

Msimamizi hakukasirika. Alitema kokwa kwenye kiganja, akaitia mfukoni, maana eneo la kihistoria halichafuliwi. "Chiriku, farasi hawezi kujisemea. Ndiyo maana akawekewa kanuni. Mtu ana mdomo."

"Si ndio huu ninautumia, bosi."

"Vizuri. Basi mwenye mguu aje aseme mwenyewe kwamba kazi imemshinda. Napiga redio sasa hivi, kesho namba yake ina mtu. Unataka nipige?"

Chiriku akafunga mdomo. Wenzao wawili waliokuwa wakikunja mablanketi waligeuka kutazama kumetokea nini.

Walishuka. Chiriku aliwaacha wale wawili watangulie, wakapotelea konani pamoja na farasi wao. Ndipo alipomvua Sisimizi tandiko, akajitwika kichwani, lake likiwa mgongoni, akasimama kama duka linalohama.

"Panda."

"Nitaonekana."

"Na nani? Na mlima? Panda, mdogo wangu, kabla sijaanguka mimi ukalazimika kunibeba."

Miaka mitatu Sisimizi alikuwa amewapandisha watu juu ya farasi, amewafunga mikanda, amewaambia wasiogope. Yeye mwenyewe hakuwahi kukaa huko. Alilala kifudifudi juu ya mgongo wa Zabibu ulio wazi, shavu kwenye shingo, na Zabibu akashuka jiwe kwa jiwe, taratibu, kama ameambiwa. Kutoka juu pale njia ilikuwa fupi. Ng'ambo ya barabara bati la zahanati lilionekana wazi, na mlango wake ulikuwa bado umefunguliwa. Kitu kile kikawa kinavuta, kinaachia, kinavuta. Kisha kwa muda mrefu hakikuvuta, na Sisimizi akaanza kumwahidi Mungu vitu.

Kabla ya kona ya mwisho alishuka. Jua lilikuwa nyuma ya mlima. Suruali ya kazi ilikuwa nyeusi, haikusema kitu, na mgongo wa Zabibu ulikuwa mweusi na umelowa jasho. Hata hivyo Chiriku aliupangusa kwa mkono wa koti lake. Wakalifikia lango kila mtu na tandiko lake. Ilikuwa saa kumi na mbili kasoro robo.

Daktari alikuwa akiwangoja na ndoo ya maji ya uvuguvugu. Alikuwa kijana mpole, mwenye vidole virefu, na farasi walimpenda. Aliinua kwato za Zabibu moja moja. Akapima magoti. Kisha akachukua bonge la pamba nyeupe, akalipitisha mgongoni kutoka shingoni kwenda nyuma, kama alivyofanya kila jioni kwa kila farasi. Pamba ikatoka nyekundu.

Akaitazama. Akachukua nyingine, ikatoka nyekundu zaidi.

"Nani alimshika huyu?"

"Mimi," alisema Sisimizi.

"Tandiko lilimkata. Hukuona?"

Daktari akainua redio, na sauti ya Msimamizi ikaja ikikwaruza kutoka mlimani. Ilisema kanuni inajulikana. Farasi akirudi na damu, lango linafungwa, na mshika hatamu haondoki mpaka kidonda kionekane, kipimwe na kuandikwa pamoja na namba yake. Mlinzi akavuta komeo.

Chiriku alisema yeye atamshika farasi, mwenzake aachwe aende, ana shida. Daktari akajibu kwa upole kwamba Zabibu ameshtuka na anahitaji mtu aliyemzoea. Chiriku akafungua mdomo tena, na safari hii Sisimizi aliona kinachokuja. Akamtazama. Alitazama namba iliyokuwa kifuani mwake, akawafikiria watoto wake wanne, akatikisa kichwa mara moja tu. Chiriku akageuka pembeni, akaanza kulikunjakunja blanketi lililokwisha kunjwa.

"Daktari," alisema Sisimizi. Sauti yake ilitoka ndogo. "Daktari, naomba nikuambie kitu."

"Ngoja kidogo, dada. Nimsikilize huyu kwanza." Alikuwa ameshaweka chombo cha kusikilizia masikioni. Akakibandika kwenye mbavu za Zabibu, akafumba macho, akahesabu mapigo ya moyo kwa kutikisa kidole.

Ng'ambo ya barabara muuguzi alitoka, akaegemeza mlango kwa bega ili ufunge vizuri, akatia kufuli.

Daktari akaagiza taa na mkasi. Akaanza kumnyoa Zabibu mgongoni, kidogo kidogo, akipuliza manyoya ili aone chini yake.

"Pole," alimwambia farasi. "Pole sana. Inauma wapi? Tutapaona tu." Na kwa Sisimizi, bila kuinua kichwa, "Mshike vizuri. Huyu ana maumivu."

Sisimizi akakaza hatamu kwa mikono yote miwili, miguu ameibana. Manyoya meusi yalianguka juu ya viatu vyake. Chini yake ngozi ilikuwa nzima, haina hata mkwaruzo. Daktari akasogeza taa mbele kidogo, akaendelea kutafuta.